SOMO LA AFYA: JOTO KALI NA UKUTA WA MATUMBO

Mwezi wa Februari ni mwezi wa jua kali katika nchi yetu. Mvua za vuli zimekwisha kupita, na za masika hazijaanza. Ndio mwezi ambao watu wengi wa Machame, Kibosho, Kilema na Marangu huiacha migomba yao, wakashuka porini kutengeneza mashamba ya mahindi na maharagwe, ili mvua itakapokuja iwakute tayari. Tena ndiyo majira ambayo watu maelfu hukusanyika mjini Moshi kwa mashindano ya mbio ndefu, yale yaliyoanza mwaka 2003. Wakulima na wakimbiaji hawafanani kwa shughuli zao, lakini hatari yao ni moja, nayo ni kupigwa na joto.

Kwa ajili hiyo tumeona vema kuwaeleza habari za hatari hiyo kabla haijampata mtu wa nyumbani mwetu. Wengi hudhani ya kwamba joto humwua mtu kwa kumchoma tu, kama moto uchomavyo kuni. Sivyo. Waganga wamejua sasa kwamba sehemu ya madhara yake hutoka mahali ambapo hatungepafikiri, yaani matumboni. Mwenye kulielewa neno hili ataelewa pia kwa nini hatupaswi kungoja hata kidogo, na kwa nini mtu aliyekwisha kupoa na kuzungumza hana budi kupelekwa hospitali.

1. Kupigwa na joto ni nini

Mwili wa mtu mwenye afya hukaa katika joto la digrii 37 hivi. Mtu akifanya kazi ngumu, misuli yake huzaa joto jingi, na mwili hulitoa nje kwa njia mbili: huipeleka damu nyingi kwenye ngozi ili ipoe, tena hutoa jasho, nalo likikauka huchukua joto pamoja nalo. Njia hizo zikishindwa, joto la ndani hupanda. Likifika digrii 40 na zaidi, na akili ya mtu ikaanza kuchafuka, huyo amepigwa na joto. Dalili ya kuangaliwa hasa ni hiyo akili. Mtu hunena maneno yasiyo na maana, au hukasirika bila sababu, au huyumba kama mlevi, au hushikwa na degedege, au huzimia kabisa. Wengine ngozi yao huwa kavu. Lakini aliyekuwa akifanya kazi huweza kulowa jasho hali amekwisha kupigwa. Basi jasho lisitudanganye.

Wako wapigwao na joto kazini au mbioni, nao mara nyingi ni vijana wenye nguvu. Wako pia wapigwao wakiwa wamekaa tu: wazee, watoto wachanga na wagonjwa, wakiachwa mchana kutwa katika nyumba ya mabati isiyopitisha hewa.

Sisi watu wa mlimani tuna hatari moja iliyo yetu. Marangu iko kwenye mita 1,400 hivi juu ya bahari; mji wa Moshi uko kwenye mita 800 na zaidi; na Arusha Chini, penye mashamba ya miwa, ni chini kuliko mji. Kwa kadiri, mtu ashukapo mita 1,000, joto la hewa huongezeka digrii kama 6. Mwili waweza kulizoea joto, lakini huhitaji siku saba hata kumi na nne, ukijifunza kutoa jasho mapema na kuitunza chumvi yake. Mtu wa mlimani huondoka nyumbani alfajiri penye baridi, na saa sita za mchana yuko porini, jembe mkononi. Mwili wake haukupewa hata siku moja ya kujifunza.

2. Ng'ombe wa zizini

Katika matumbo ya kila mtu, hasa katika utumbo mpana, mna vijidudu visivyohesabika, ndivyo viitwavyo bakteria. Vilivyo vingi si adui zetu. Huyameng'enya makapi ya chakula ambayo sisi wenyewe hatuyawezi, hutengeneza vitu vinavyoulisha ukuta wa utumbo, tena huwazuia wadudu wabaya wasipate nafasi.

Twaweza kuvifananisha na ng'ombe wa zizini. Kila mwenye kihamba ajua ya kuwa ng'ombe wetu hatembei malishoni. Hukaa ndani, huletewa majani, naye hutoa maziwa, na samadi ya kuistawisha migomba. Akiwa zizini ni faida tupu. Lakini akilivunja zizi usiku, asubuhi hatukuti maharagwe wala miche ya kahawa. Ng'ombe ni yule yule. Kilichobadilika ni mahali alipo.

Zizi la vijidudu hivyo ni ukuta wa utumbo. Upande wa ndani ukuta huo ni mwembamba sana. Ni safu moja tu ya chembe za mwili, zilizoshikamana kama masale yaliyopandwa mpakani. Hupitisha maji na chakula kilichomeng'enywa, lakini vijidudu huvizuia. Sasa, baadhi ya vijidudu hivyo vina ganda lenye kitu ambacho kikikaa ndani ya utumbo hakitudhuru, bali kikiingia katika damu ni sumu. Wataalamu hukiita endotoksini. Kidogo chake huweza kupenya hata siku za kawaida, lakini damu itokayo matumboni hupita kwanza katika ini, na ini huisafisha. Kwa hiyo mtu mwenye afya haoni neno lolote.

3. Mfongo uliogeuzwa

Tuangalie sasa joto linavyoyaharibu mapatano hayo. Wazee wetu waliochimba mifongo walijua sheria moja: maji ni yale yale, na wakiyageuza yote kwenda kihamba kimoja, kingine hukauka. Damu nayo ni vivyo hivyo. Katika joto kali mwili huigeuza damu kwenda kwenye ngozi ili ipoe, na kwenye misuli ikiwa mtu anafanya kazi. Matumbo hupata kidogo. Mtu akiwa amepungukiwa maji mwilini, hupata kidogo zaidi.

Hapo chembe za ule ukuta hukosa oksijeni, yaani ile hewa ya uzima ichukuliwayo na damu, na joto lenyewe huzidi kuzilegeza. Zilizokuwa zimeshikamana huachana. Endotoksini huingia katika damu kwa wingi, na pengine vijidudu vyenyewe pia. Hufika katika ini, lakini ini nalo limekwisha kuumizwa na joto, wala halina nguvu ya kuisafisha damu yote. Basi sumu hupita, ikaenea mwili mzima.

Mwili una askari wake wa kupigana na maradhi, nao waionapo sumu hiyo ndani ya damu hupiga vita kana kwamba adui ameingia kila mahali. Mishipa midogo huanza kuvuja. Damu huganda ndani ya mishipa isipopaswa kuganda, na mahali pengine hutoka isikome. Ndipo viungo vya ndani vinapoharibika, kimoja baada ya kimoja: ini hushindwa, figo huacha kutoa mkojo, mapafu hujaa maji, ubongo huvimba.

Hatusemi kwamba vijidudu pekee ndivyo vyenye kosa. Joto lenyewe huziua chembe za ubongo na za ini, na misuli iliyovunjika kwa joto hutoa vitu vinavyoziumiza figo. Lakini maovu haya husaidiana. Tena neno la kukumbukwa sana ni hili: vita vya mwili huweza kuendelea hata baada ya joto kushuka. Mtu ameamka, amenywa maji, amesema amepona. Kumbe ini lake au figo zake zaanza kushindwa siku ya pili au ya tatu.

4. Jinsi waganga walivyolijua jambo hili

Mambo haya hayakubuniwa. Katika miaka ya 1987 na 1988 wataalamu wa Afrika Kusini, miongoni mwao P. Gathiram na J. G. Brock-Utne, waliandika habari za majaribio waliyoyafanya kwa kima waliotiwa katika joto kali. Waliona endotoksini ikipanda katika damu yao kwa kadiri joto la mwili lilivyopanda. Lakini kima waliokuwa wamepewa kwanza dawa ya kuviua vijidudu vya tumboni, sumu haikupanda hivyo katika damu yao. Kwa hiyo ilijulikana ilikotoka.

Mwaka 1988 waganga wa nchi hiyo waliandika pia habari za wakimbiaji waliochoka kabisa baada ya mbio za kilometa zaidi ya 80. Katika damu ya wengi wao waliiona sumu ile ile, na wale walioonekana kuwa nayo ndio hasa waliosumbuliwa na kichefuchefu, kutapika na kuhara. Na mwaka 1991 Abderrezak Bouchama na wenzake walitoa habari za wagonjwa waliopigwa na joto huko Saudia, wakaonyesha kwamba damu yao ilikuwa na endotoksini pamoja na dalili za vita vile vya mwili. Nchi hiyo yaijua hatari hii kuliko nyingi: katika Haji ya mwaka 2024, iliyofanyika katika joto kali mno, serikali yake ilitangaza kwamba mahujaji zaidi ya 1,300 walikufa.

Mtu asije akasema, "Basi na tumeze dawa za kuua vijidudu kabla ya kushuka porini." Hilo lingekuwa kosa. Dawa hizo huviua na vijidudu vyema vinavyoulisha ukuta, tena hufanya maradhi mengine yazoee dawa. Yaliyofanywa kwa kima yalikuwa ya kutafuta sababu, si ya kutupa sisi desturi.

5. Je, ni malaria?

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo laweza kumgharimu mtu uhai wake. Mtu akiletwa nyumbani kutoka porini, mwili unawaka, anapayuka, wengi husema mara moja, "Malaria imempanda kichwani." Humfunika blanketi, humpa vidonge vya homa, wakangoja. Wengine hunong'ona kwamba amerogwa.

Tukumbuke yaliyoonekana hapa hapa Moshi. Katika miaka ya 2007 na 2008 wataalamu walichunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za mji wetu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Waganga walikuwa wamewadhania 528 katika hao kuwa na malaria. Damu yao ilipochunguzwa kwa bidii, waliougua kwa malaria kweli walikuwa 14 tu. Uchunguzi huo haukuwa wa watu waliopigwa na joto. Lakini watufundisha kwamba mwili wa moto si malaria sikuzote, hata wanaojua wakidhani hivyo.

Basi tuulize kwanza: Mtu huyu alikuwa wapi? Je, alikuwa juani, au mbioni, au katika chumba chenye joto? Alikuwa mzima asubuhi? Ikiwa ndivyo, tumpoze pasipo kungoja, na damu yake ipimwe malaria akifika hospitali. Kupozwa hakumdhuru mwenye malaria, bali kungoja humwua aliyepigwa na joto.

6. Mambo ya kufanya

Neno kuu ni hili: kwanza poza, kisha peleka. Kila dakika ambayo mwili hukaa katika joto lile, ukuta wa matumbo huzidi kulegea. Tujitahidi joto lishuke katika muda wa nusu saa.

(a) Mwondoeni juani, mvueni nguo nzito na viatu.

(b) Mtieni katika maji baridi mpaka shingoni, watu wawili wakimshika ili kichwa kisizame. Pipa lililokatwa, hori la ng'ombe lililosafishwa au kijito kisicho na nguvu chafaa. Sisi tuliozaliwa penye mifongo na mito ishukayo mlimani tumepewa dawa hii bila kununua. Pasipo maji mengi, mlowesheni mwili wote kwa nguo mbichi, mkampepee pasipo kukoma, mkizilowesha tena na tena.

(c) Wakati huo mtu mmoja atafute gari. Njiani mwendelee kumpoza. Akianza kutetemeka kwa baridi na akili ikimrudia, mwacheni kumtia majini.

(d) Asiyekuwa na akili timamu asinyweshwe kitu, maana kitaingia mapafuni.

(e) Msimpe vidonge vya homa. Joto hili si homa, na vidonge havilishushi. Vile vya jamii ya aspirini na ibuprofeni huuumiza ukuta wa utumbo na figo, na vya parasetamoli hulitwika mzigo ini lililokwisha kuumia. Kwa sababu hiyo pia wakimbiaji waache desturi ya kumeza vidonge vya maumivu kabla ya mbio. Hufungua mlango wao wenyewe.

(f) Hata akiamka, apelekwe hospitali, damu yake ipimwe, na mkojo wake uangaliwe kwa siku kadhaa.

Na ili tusifike huko: tushuke porini mapema, tupumzike kivulini kuanzia saa tano hata saa tisa, tunywe maji kabla kiu haijazidi, na siku za kwanza tufanye kazi nusu. Aliyekuwa na homa au kuhara juzi asiende kabisa, kwa maana ukuta wake haujapona. Wazee wa vijiji na wasimamizi wa kazi wasimcheke kijana asemaye kichwa chamzunguka. Tena tusiende peke yetu, kwa kuwa mtu ambaye akili imeanza kumpotea hajui kwamba imempotea.

7. Chakula cha nyumbani

Msomaji atauliza, "Je, mtu aweza kuutengeneza ukuta huo kabla ya siku ya hatari?" Katika panya imeonekana kwamba vijidudu vyema, wakilishwa kabla ya joto, hupunguza madhara ya matumbo. Kwa watu hilo halijathibitika, wala hatutaki kuuza tumaini lisilopimwa.

Lakini liko jambo lililopimwa kwetu. Mwaka 2025 Godfrey Temba na Quirijn de Mast, pamoja na wenzao wa KCMC hapa Moshi na wa Chuo Kikuu cha Radboud huko Uholanzi, walichapisha uchunguzi wa wanaume 77 wenye afya wa Tanzania ya kaskazini. Waliozoea chakula cha asili walipewa kwa majuma mawili chakula cha kizungu, chenye vitu vya viwandani na vya kukaangwa. Waliozoea hicho walipewa chakula cha asili cha Kilimanjaro, chenye ndizi, maharagwe, mboga za majani na nafaka zisizokobolewa. Na wengine walipewa mbege kwa juma moja. Waliohamia chakula cha kizungu, damu yao ilionyesha dalili za uvimbe wa ndani kuongezeka. Waliorudi kwenye chakula cha asili, na walionywa mbege, dalili hizo zilipungua. Na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado kuonekana majuma manne baadaye.

Uchunguzi huo haukuwapima watu katika joto, kwa hiyo tusiseme kwamba bakuli la kiburu humkinga mtu na jua la Februari. Tena wapenda mbege wasishangilie upesi. Wale walikunywa kwa kipimo, hali wakiangaliwa na waganga. Bali mtu anywaye pombe porini au usiku wa kuamkia kazi hupoteza maji kwa mkojo, wala hazitambui dalili zake mwenyewe. Tunachoweza kusema ni hiki: makapi ya ndizi, maharagwe na mboga ndiyo malisho ya vijidudu vyema vya tumboni, na asiyewalisha ng'ombe wake vema asishangae zizi likiwa bovu.

Haya ndiyo tuliyotaka kuwaeleza mwezi huu. Twawaomba walimu wayasome mbele ya vijana kabla watu hawajashuka porini, na kila nyumba ijue pa kupata maji mengi upesi.

Maswali ya kujifunza

1. Kwa nini mtu wa mlimani yumo katika hatari kuliko aliyezoea kukaa porini?
2. Damu huenda wapi katika joto kali, na ukuta wa matumbo hupatwa na nini?
3. Ini hufanya kazi gani, na kwa nini hushindwa?
4. Mtu ameanguka juani, mwili unawaka, anapayuka. Tufanye nini kwanza, nini pili?
5. Kwa nini aliyeamka na kuzungumza apelekwe hospitali?